Michoro ya Majengo Yetu Inahitaji Kanuni Moja

Yapo mambo ambayo, kwa kuwa hayazinduliwi kwa ngoma wala hayakatiwi utepe, aghlabu hupita bila ya kutazamwa na wakubwa wala wadogo, mpaka siku hasara inapodhihiri ndipo watu huulizana ilianzia wapi. Moja katika mambo hayo ni namna michoro ya majengo inavyotayarishwa, inavyopelekwa kutoka ofisi moja hadi nyingine, na inavyohifadhiwa baada ya jengo kumalizika.

Visiwa vyetu vimo katika ujenzi mkubwa. Skuli za ghorofa zimejengwa Unguja na Pemba, hospitali za wilaya zimefunguliwa, masoko na barabara zinatengenezwa, na hoteli zinaongezeka katika fukwe za mashariki na kaskazini. Kila jengo katika hayo lilianza kwa mchoro, na siku hizi mchoro huo hutoka katika kompyuta. Kwa hakika kompyuta imetuondolea taabu nyingi. Kazi iliyomchukua mchoraji wiki nzima kwa wino na rula, leo huimaliza kwa siku mbili, na akikosea hafuti kwa wembe. Lakini kompyuta haikuja na makubaliano. Kila ofisi imejifunza kwa njia yake, kila mshauri amekuja na mazoea ya alikosomea, na kila faili lina lugha yake.

Mwandishi wa safu hii aliwahi kuyaona matokeo ya hali hiyo kwa macho yake, katika ujenzi wa skuli moja ambayo hatutaitaja. Msanifu wa majengo alichora kwa milimita. Mhandisi wa nguzo na mihimili alichora kwa mita. Chumba cha mita sita, kwa huyu kiliandikwa 6000 na kwa yule kiliandikwa 6. Siku michoro miwili ilipowekwa pamoja katika kompyuta, jengo zima la mhandisi lilionekana kama nukta katika pembe ya jengo la msanifu. Kijana mmoja hodari akalikuza mara elfu na kazi ikaendelea, watu wakacheka. Kilichofuata hakikuchekesha. Fundi wa umeme alikuwa amepewa faili lililoitwa “ramani ya mwisho”, na mkandarasi alikuwa na lingine lililoitwa “ramani ya mwisho mpya”. Katika lile la kwanza palikuwa na ukuta. Katika la pili ukuta huo ulikwisha kutolewa mlango. Mabomba ya waya yakapitishwa pasipostahiki, plasta ikapigwa, kisha plasta ikavunjwa. Hakuna aliyeiba hata msumari mmoja, na kila mmoja aliifanya kazi yake kwa uaminifu. Fedha ya umma ilipotea hata hivyo.

Ni vyema ikafahamika jinsi michoro hii ilivyo, kwani wengi katika wanaoipitisha kwa saini zao hawakuwahi kuifungua ikiwa ndani ya kompyuta. Mchoro wa kompyuta haufanani na karatasi moja. Unafanana na rundo la karatasi za kuonea zilizowekwa moja juu ya nyingine: kuta katika tabaka lake, milango katika tabaka lake, nguzo, mabomba ya maji, waya za umeme, vipimo na maandishi, kila kimoja katika tabaka lake. Anayetaka kuona umeme peke yake huyafunga mengine. Faida yote ya kompyuta imo humo. Na faida hiyo hutoweka pale ofisi moja inapoliita tabaka la kuta “kuta”, ya pili ikaliita kwa Kiingereza, ya tatu ikalipa nambari 7, na ya nne ikaweka kuta, mabomba na maandishi yote katika tabaka moja. Aliyepita chuoni anajua kuwa be, te na the umbo lao ni moja na linalozitenga ni nukta tu. Lau kila mwalimu angeliweka nukta apendapo, nani angelisoma ubao wa mwenziwe?

Makubaliano ya namna hii si mageni kwa mafundi wa pwani. Waliojenga Mji Mkongwe kwa mawe, chokaa na boriti za mikoko hawakuwa na kompyuta, wala wengi wao hawakuhitaji ramani ya karatasi, lakini walikuwa na kanuni. Urefu wa boriti ya mkoko ndio uliokadiria upana wa chumba, nao ulikuwa wa karibu mita tatu. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale za Unguja na vya Lamu hufanana kwa wembamba wao. Walipima kwa shibiri, kwa mkono na kwa pima: shibiri mbili ni mkono, mikono minne ni pima. Na kwa kuwa mkono wa fundi mrefu si mkono wa fundi mfupi, kazi moja ilipimwa kwa mkono wa mtu mmoja tangu msingi hadi dari. Wazee hao walielewa kuwa kipimo kinachobadilika kati ya kazi ni sawa na kutokuwa na kipimo.

Hata ofisi za michoro za zama za kalamu zilikuwa na kanuni, ijapokuwa haikuandikwa kila mahali. Palikuwapo mkuu wa wachoraji. Yeye ndiye aliyesema mstari wa ukuta uwe mnene na wa kipimo uwe mwembamba, maandishi yawe ya umbo hili, na hakuna karatasi iliyotoka bila ya jicho lake. Kompyuta ilipoingia, mkuu huyo alistaafu na nafasi yake haikujazwa. Kila kijana mwenye kompyuta akawa ofisi kamili. Wahenga wetu walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, na hapa hawakuwa wakisema utani.

Mataifa mengine yalipita njia hii kabla yetu, na si vibaya kutazama walipojikwaa. Programu ya AutoCAD ilitolewa Marekani mwaka 1982, na katika muda mfupi ofisi nyingi zikawa na michoro isiyosomana. Mwaka 1990 Taasisi ya Wasanifu Majengo ya nchi hiyo ikachapisha mwongozo wa majina ya matabaka, na mwaka 1999 ukatoka mkusanyiko wa kanuni za kitaifa za michoro ya kompyuta. Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, nalo likatoa mwaka 1998 kiwango nambari 13567 kinachosema kuwa jina la tabaka lazima lieleze mambo matatu: nani aliyelichora, ni kitu gani kilichochorwa, na kinaonyeshwa kwa namna gani. Si zaidi ya hayo. Tangu mwaka 2018 kipo pia kiwango nambari 19650 kinachopanga safari ya faili: lipi bado linashughulikiwa, lipi limetolewa kwa washirika, lipi limeidhinishwa kwa ujenzi, na lipi limewekwa katika hifadhi. Lau kanuni hiyo ingelifuatwa katika ile skuli, fundi wa umeme asingelipewa ukuta usiokuwapo.

Wala asidhani mtu kuwa makosa haya ni ya nchi changa pekee. Mwaka 2006 kampuni ya Airbus ya Ulaya ilikuwa ikiunda ndege yake kubwa, A380, yenye waya wa umeme zaidi ya kilomita 500 ndani yake. Wahandisi wa Hamburg na wa Toulouse walitumia programu ya jina moja lakini matoleo mawili tafauti. Waya zilipoletwa kufungwa zikaonekana hazifiki mahala pake. Ndege ilichelewa kwa kiasi cha miaka miwili na hasara ikahesabiwa kwa mabilioni ya yuro. Kampuni tajiri iliweza kuimeza hasara hiyo. Bajeti ya wilaya haiwezi.

Upo mfano mwengine unaotuhusu zaidi, nao ni wa kisiwa. Singapore haina ardhi ya kuchezea wala mali ya asili ya kujivunia. Tangu mapema katika karne hii serikali yake ilianza kupokea maombi ya ujenzi kwa njia ya kompyuta, na ilipofika mwaka 2013 ikaagiza kuwa majengo mapya yanayozidi mita za mraba 20,000 yaletwe kwa kielelezo kamili cha kompyuta chenye mpangilio uliokubaliwa. Mwaka 2015 agizo hilo likashuka hadi majengo yanayozidi mita za mraba 5,000. Walianza na makubwa, wakawapa wadogo muda wa kujifunza. Hatua hiyo ya taratibu ndiyo ya kuigwa, hata kama uwezo wetu si sawa na wao.

Tukirudi nyumbani, tutaona kuwa jambo hili lina uzito wa namna tatu.

La kwanza ni ardhi. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ilianza kazi ya kuvipiga picha visiwa vyetu kwa ndege ndogo zisizo na rubani, na vijana wetu wenyewe ndio waliozirusha. Hiyo ni hazina. Lakini hazina hiyo humfaa msanifu pale tu mchoro wake unapokaa juu ya picha hiyo mahala panapostahiki. Ramani nyingi za zamani za Afrika Mashariki zilipimwa kwa msingi uitwao Arc 1960, ilhali vyombo vya setilaiti vya leo hutumia msingi uitwao WGS 84. Nambari za msingi mmoja zikisomwa kwa msingi wa pili, mahala huhama kwa zaidi ya mita 200. Katika nchi pana huenda kosa hilo likaangukia porini; katika kisiwa linaweza kukiweka kiwanja cha mtu baharini, au ndani ya konde ya karafuu ya jirani yake. Mstari mmoja wa maandishi pembeni mwa mchoro, unaotaja msingi uliotumika, ungelizuia ugomvi wa miaka.

La pili ni turathi. Mji Mkongwe una mamlaka yake ya uhifadhi tangu mwaka 1985, una mpango wa uhifadhi wa mwaka 1994, na tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya urithi wa dunia. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta wa namna hiyo hupumua. Ukipigwa plasta ya saruji unyevu hubaki ndani, na ukuta huoza huku sura yake ikipendeza. Mchoro wa kompyuta unaoonyesha ukuta wa mwaka 1880 na ukuta wa zege wa juzi kwa mstari mmoja, katika tabaka moja, humwambia fundi kuwa kuta hizo ni sawa. Naye hufanya alivyoambiwa. Sote tunaikumbuka tarehe 25 Disemba, 2020, siku sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, ilipoporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Sababu za msiba ule si za kujadiliwa katika safu hii. Tunalosema ni kuwa jengo la namna ile likianguka, kinachobaki kwa anayetaka kulisimamisha tena ni kumbukumbu ya michoro yake, na kumbukumbu isiyosomeka ni sawa na kifusi cha pili.

La tatu, na pengine kubwa kuliko yote, ni umiliki. Mshauri hulipwa kwa fedha ya umma, humaliza kazi na huenda zake. Akiacha karatasi tu, faili likabaki kwake, serikali itakapotaka kuongeza darasa moja itamlipa mwengine alichore jengo zima upya. Akiacha faili lenye majina anayoyajua yeye peke yake, hali ni ile ile. Na faili likiwa katika muundo wa kampuni moja, usiofunguka bila ya kulipia programu yake kila mwaka, basi kumbukumbu za majengo yetu zitakuwa mikononi mwa mfanyabiashara wa mbali. Karatasi iliyochorwa zama za Sinclair, aliyesanifu Mahkama Kuu ya Vuga, husomwa leo kwa jicho na taa. Diski laini za miaka ya 1990 nani anazisoma? Kujitegemea hakuishii katika chakula na nguo. Taifa lisiloweza kufungua ramani za majengo yake halijajitegemea.

Tunafahamu kuwa wapo watakaosema kanuni huua ubunifu. Hofu hii si ngeni, na jibu lake tunalo katika historia ya lugha yetu. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipokubali Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ilipoanza kazi mwaka 1930, walikuwapo waliohofu kuwa lahaja zitakufa na washairi watanyamaza. Zipo hasara zilizotokea, nasi hatuzikanushi. Lahaja zetu zilidharauliwa skuli kuliko zilivyostahiki. Lakini Mpemba bado anazungumza Kipemba, Mtumbatu Kitumbatu, na watu wa Makunduchi wana Kikae chao. Washairi hawakunyamaza. Kilichopatikana ni kitabu kimoja kusomwa kutoka Lamu hadi Kigoma. Vivyo hivyo, kuamuru kuta ziwe katika tabaka la kuta hakumwambii msanifu ukuta aujenge wapi, wala dirisha alipambe vipi.

Wapo pia watakaouliza tufuate kanuni ya nani: ya Mwingereza, ya Mmarekani au ya Mchina, kwani wakandarasi wa pande zote wanatujia. Ushauri wetu ni kuwa tusitunge upya kilichokwisha kutungwa, wala tusijifunge kwa mmoja. Viwango vya kimataifa vipo na vinafahamika kwa wote. Kazi yetu ni kuvichagua, kuvifupisha na kuvieleza kwa Kiswahili fasaha. Kitabu cha kurasa ishirini kinachofuatwa ni bora kuliko cha kurasa mia tatu kilichofungiwa kabatini. Na gharama yake si ya kutisha, kwa sababu kinachotakiwa ni makubaliano na usimamizi, mashine tunazo.

Kwa hiyo tunapendekeza kwa wahusika mambo yafuatayo, na tunaomba yapimwe kwa uzito wake.

Kwanza, majengo yote ya umma yachorwe kwa milimita na viwanja kwa mita, na kila mchoro utaje msingi wa vipimo vya ardhi uliotumika. Pili, iwepo orodha moja fupi ya majina ya matabaka, iliyojengwa juu ya kiwango cha ISO, na kwa Mji Mkongwe iongezewe matabaka yanayotenga jengo la asili na nyongeza, chokaa na saruji. Tatu, pembeni mwa kila karatasi pawe na kisanduku kimoja cha maelezo, kwa Kiswahili: jina la jengo, nambari ya kiwanja, skeli, tarehe, nambari ya toleo, aliyechora na aliyekagua. Neno “mwisho” lisitumike katika jina la faili lolote. Nambari ya toleo inatosha. Nne, mshauri akabidhi faili lenyewe, nakala yake katika muundo ulio wazi kwa programu zote, na nakala ya kusomwa iliyotayarishwa kwa hifadhi ya muda mrefu. Na malipo ya mwisho yasitolewe mpaka ofisi ya umma izifungue nakala hizo na kuthibitisha kuwa zinasomeka. Tano, mikataba iseme bayana kuwa michoro iliyolipiwa na umma ni mali ya umma, na nakala moja ipelekwe Nyaraka za Taifa.

Kuhusu usimamizi, hatuoni haja ya kuunda chombo kipya. Ipo Taasisi ya Viwango iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Zipo mamlaka za ardhi, za mipango miji na za Mji Mkongwe. Vipo vyuo vinavyofundisha wachoraji. Wakae pamoja, na katika kikao hicho asikosekane mchoraji wa kawaida, yule kijana anayekesha mbele ya kompyuta, wala fundi anayeisoma ramani juani akiwa na mwiko mkononi. Kanuni iliyoandikwa na wakubwa peke yao hukaa katika jalada la wakubwa. Ianze kwa skuli na vituo vya afya, ambavyo michoro yake hurejewa mara kwa mara, na baada ya miaka miwili ielekezwe kwa majengo ya watu binafsi. Wananchi wanaojenga vibanda vyao vya vyumba viwili wasibebeshwe mzigo huu.

Yapo maamuzi ya serikali yanayohitaji fedha nyingi, na yapo yanayohitaji kalamu na msimamo. Hili ni la aina ya pili. Kila mwezi unaopita bila ya makubaliano, ofisi zetu hupokea mafaili mengine yasiyosomana, na siku ya kuyafungua upya, mlipaji atakuwa ni yule yule mwananchi aliyelipia mara ya kwanza.